Fimbo ya Swichi Kubwa

Saa tatu asubuhi ilikuwa haijatimia, na Mwalimu Tupokigwe alikuwa ameshaingia na kutoka kwenye chumba cha kompyuta mara nane. Akiingia, anahesabu mashine zinazowaka. Akitoka, anasimama barazani, anatazama geti, kisha anarudi kuhesabu tena, utadhani zingezaana akizipa kisogo. Zilikuwa tisa. Kila alipozihesabu zilikuwa tisa, na yeye alihitaji kumi na nne.

"Madam, hebu kaa," alisema Mwishehe, fundi wa kompyuta kutoka Mbagala Rangi Tatu, aliyekuwa amepiga magoti sakafuni, uso umejaa vumbi la mashine. "Unanizungukia mpaka nasikia kizunguzungu."

"Nikikaa zitaongezeka?"

"Hazitaongezeka. Ila mie nitafanya kazi."

Alikaa. Dakika haikuisha akawa amesimama tena.

Ilikuwa Ijumaa, wiki ya pili ya Desemba. Shule ilikuwa imefungwa, viti vimepandishwa juu ya meza, na Chamazi nzima ilikuwa kwenye pilikapilika za mwisho wa mwaka. Walimu wenzake walikuwa wameshapanda mabasi kwenda makwao, na mama yake kule Tukuyu alikuwa anampigia simu kila jioni kuuliza anapanda basi la lini. Kila jioni alimjibu kwamba amebakiza kazi kidogo tu. Kazi yenyewe ilikuwa ile ya kila Desemba: kufungua mashine, kupuliza vumbi, kuwatoa mijusi waliohamia humo, kubadilisha betri za saa ili mashine ziache kudai kuwa huu ni mwaka elfu mbili na tisa, halafu kujaza fomu ya mpango wa kompyuta wa mwaka unaofuata. Miaka yote alimaliza usafi kwa siku mbili na fomu kwa nusu saa. Mwaka huu fomu ilikuja na kipengele kipya, na kipengele hicho ndicho kilichomnyima usingizi.

Kilisema hivi: shule yenye watahiniwa wa somo la kompyuta iwe na mashine moja inayofanya kazi kwa kila watahiniwa wawili. Ikipungukiwa, somo lisimamishwe na wanafunzi wahamie somo lingine. Tupokigwe alikuwa na wanafunzi ishirini na saba waliokuwa wanaingia kidato cha nne. Ishirini na saba ukiwagawa wawili wawili, pamoja na yule anayebaki peke yake, unapata kumi na nne. Watoto wamesoma somo miaka mitatu, halafu Januari mtu aje awaambie waanze jingine, na mtihani ni Novemba!

Walikuwa wanasoma watatu watatu kwenye mashine moja. Mmoja anashika kipanya, mmoja anashika kibodi, wa tatu anatazama; filimbi ikilia wanabadilishana. Ndivyo ilivyotakiwa iwe. Lakini watoto wana ujanja wao, na wapo wale wapole ambao filimbi ikilia wanasukumwa kwa kiwiko, wanarudi kulekule kwenye kutazama. Talha alikuwa mmoja wao. Msichana yule aliweza kukuelekeza kwa mdomo namna ya kutengeneza jedwali tangu mwanzo hadi mwisho, macho ameyafumba. Siku Tupokigwe alipomkalisha peke yake mbele ya mashine, vidole vilimtetemeka hata kuandika jina lake kukamshinda. "Mwalimu, mie naangaliaga tu," alisema. Tupokigwe alikwenda kulia chooni. Kisha akanawa uso, akarudi darasani, akapiga filimbi.

Sasa basi, kwenye leja ya shule mashine hazikuwa tisa. Zilikuwa ishirini na nne, zote zimeandikwa "nzima", na mwandiko ulikuwa wake.

Msimhukumu haraka. Mwaka aliohamia shule hiyo alikuta mashine thelathini, zile zinazotumika Ulaya mpaka zikachoka ndipo zikapakiwa kwenye kontena na kushushwa Kurasini. Sita zilikuwa zimekufa. Kwa kuwa alikuwa mgeni, na mwaminifu, aliandika kwenye leja: sita mbovu. Wiki haikuisha likaja pikapu la wilayani, vijana wawili wakazibeba zote sita, wakamwachia karatasi yenye mhuri. Nyingine hakuletewa mpaka leo. Hapo ndipo alipojua kwamba mashine mbovu ndiyo duka lako la vipuri: unachomoa kijiti cha kumbukumbu, RAM, hapa, unachomoa diski pale, unaifufua ya tatu. Ukiandika mbovu umelifunga duka kwa mkono wako. Akaapa hataliandika neno hilo tena, na Mkuu wa Shule, Mwalimu Kasimiri, akamuunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa mkuu ambaye mashine zake hazifi husifiwa vikaoni.

Ilibaki kazi ya kuwazuia wakaguzi wasiziwashe, na hapo akaingia Mzee Alfonsi. Mzee Alfonsi alikuwa mlinzi wa shule, mtu wa Masasi, zamani mchongaji vinyago pale Mwenge. Macho yalipoanza kumsumbua aliacha patasi akashika geti. Tupokigwe alimwambia, "Mzee wangu, ukiona gari la wilayani, kabla hujafungua geti, zima swichi kubwa." Swichi kubwa ilikuwa juu kwenye ukuta wa kibanda chake, mahali ambapo mkono wa mtu mfupi kama yeye haufiki. Mzee hakulalamika. Alichonga fimbo ndefu ya mkorosho, akaiwekea ndoana mwishoni, akaipiga msasa mpaka ikang'aa. Kwa fimbo ile alikuwa anautungua umeme wa shule nzima kama mtu anayetungua papai. Wakaguzi wakiingia wanakuta chumba kimya. "Jamani, umeme umekatika," anasema Tupokigwe kwa uso wa msiba, na ni nani Dar es Salaam atakayembishia mtu kwa hilo? Wanahesabu masanduku, wanapata ishirini na nne, wanasaini, wanakunywa soda, wanaondoka.

Mwaka huu aliamua mchezo huo uishe. Mkaguzi alikuwa anakuja Jumatatu, na Jumatatu umeme ungewaka. Yeye na Mwishehe wangezichuna zile kumi na tano zilizokufa wapate tano zilizo hai. Tano na tisa ni kumi na nne, na kile kipengele kingefungwa mdomo. Kumwambia Mzee Alfonsi asizime swichi aliona kungoje Jumatatu asubuhi. Lilikuwa jambo la kusema kwa neno moja, na yeye alikuwa na mambo mengi kichwani.

Mwishehe alijua kazi yake, hilo lazima lisemwe, ijapokuwa mdomo wake haukuwa na breki. Alichomoa RAM, akazisugua meno kwa ufutio wa penseli, akazirudisha, na mashine iliyokuwa kimya tangu Pasaka ikalia pi! na kuamka. Alitoa pawasaplai, kile kisanduku cha kuingizia umeme, iliyokuwa imetagiwa mayai ya mjusi. Alizipanga maiti ukutani na kuzitangazia sababu ya kifo kama daktari.

"Hii ilikufa kwa vumbi. Hii ilipigwa shoti. Hii..." Akainama, akachungulia ndani ya sanduku, akanusa. "Hii imekufa kwa uji, madam. Nani alikunywa uji juu ya mashine?"

"Mwalimu wa zamu."

"Nyie walimu nyie."

Tupokigwe hakucheka. Alikuwa anatazama saa.

Saa nne na nusu Mwalimu Kasimiri alipita, shati halijafungwa vifungo vya juu, mtu aliyekuwa likizo lakini anakaa nyumba ya shule. Alisimama mlangoni akaangalia masanduku yaliyopasuliwa matumbo sakafu nzima.

"Mwalimu Tupokigwe, unajitesa bure. Andika ishirini na nne kama siku zote, ukapande basi ukamwone mama."

"Fomu inasema ziwashwe mbele ya mkaguzi, Mkuu."

"Na umeme ukikatika?" Alitabasamu kidogo.

"Na Novemba kwenye mtihani, Mkuu? Tutaukata pia?"

Tabasamu likamtoka. Alikuwa amebakiza miezi saba astaafu, na miezi hiyo alikuwa anaivuka kwa ncha za vidole. "Mie nataka nitoke salama tu, mwalimu," alisema, akaenda zake. Tupokigwe alimkasirikia, halafu akajikasirikia mwenyewe, kwa sababu leja haikuandikwa na Kasimiri.

Ilipofika saa tano, mashine tano zilikuwa zimeungwa na zimesimama juu ya meza. Mwishehe alivua kamba aliyokuwa ameivaa shingoni, yenye flashi tano zinazoning'inia, akachomeka moja kwenye kila mashine na kuanza kuzipiga window, yaani kuziwekea upya programu ya kuziendesha, zote kwa mpigo. Ilikuwa zamu ya kusubiri, na kama kuna kitu Tupokigwe hakujaliwa ni kusubiri. Alitoka mashine ya kwanza kwenda ya tano, akarudi ya tano kwenda ya kwanza, akisoma asilimia kwa sauti.

"Arobaini na mbili. Hamsini. Hii imeganda! Mwishehe, hii imeganda!"

"Haijaganda, inawaza. Muda umebaki dakika kumi na tano, sista. Kumi na tano tu. Kanywe maji."

Hakwenda kunywa maji. Sitini. Sitini na nane. Alianza kumwona Talha amekaa kwenye ile ya tatu, karibu na dirisha, peke yake, na kipanya mkononi. Nje ya uzio mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, siku ya watu kusaga mahindi ya sikukuu, na kwa kelele zile hakusikia gari lolote. Sabini na moja. Kisha skrini zote zikawa nyeusi kwa pamoja, feni zikajivuta, zikanyamaza.

Mwishehe aliinua kichwa. "Umeme umekatika?" Akasikiliza. "Mbona wale wanasaga?"

Tupokigwe alikuwa ameshajua. Alikimbia barazani. Gari jeupe la wilayani lilikuwa linaingia taratibu, na kando ya geti Mzee Alfonsi alikuwa amesimama wima, fimbo yake kwapani. Alipomwona Tupokigwe alimwitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeifanya kazi yake sawasawa na kwa wakati.

Aliyeshuka alikuwa Bi Marietha, afisa wa vifaa kutoka wilayani, mama wa makamo mwenye miwani na faili lililovimba. Ndiye aliyekagua shule ile miaka yote.

"Shikamoo mama," alisema Tupokigwe.

"Marahaba, mwanangu. Najua niliwaambia Jumatatu, lakini Jumatatu nina kikao. Hii ni shule ya tatu tangu asubuhi, mwenzenu miguu imevimba." Aliingia chumbani, akatazama mashine zilizozimika. "Umeme?"

Mwalimu Kasimiri alikuwa ameshatokea nyuma yake, vifungo vyote amefunga. "Umekatika sasa hivi tu, mama. Ndiyo hali yetu ya huku."

"Haya. Ilitakiwa nizione zikiwaka, lakini siwezi kukesha hapa. Naandika ya leja." Alifungua kalamu. "Ishirini na nne?"

"Ishirini na nne, mama," alisema Kasimiri.

Hapa lazima niseme ukweli wa Tupokigwe: alifurahi. Ilikuwa furaha ya aibu, lakini mwili mzima ulimpoa. Ishirini na nne, somo limepona, kesho anapanda basi, Jumapili anakula ndizi kwa mama yake. Angesimama vile vile kimya kwa muda wa kuandika tarakimu mbili, na mambo yangekwisha.

Bi Marietha ndiye aliyeyaharibu, kwa mazungumzo tu ya mtu aliyechoka. "Afadhali nyie wenye mashine. Ingawa hata sielewi. Kuna mgao wa mashine mpya, ishirini kwa kila shule, kwa wenye upungufu. Orodha naifunga leo. Imebaki nafasi moja na sijapata wa kumpa! Kila ninakokwenda, mashine zote nzima, na kila ninakokwenda umeme umekatika. Sijui shule za huku mnatumia dawa gani." Alicheka mwenyewe, akaitafuta mistari ya fomu.

Ishirini. Tupokigwe alilisikia neno hilo likimgonga kifuani. Ishirini na tisa ni mashine moja kwa kila mtoto na mbili za akiba. Lakini ili apewe ishirini ni lazima aseme tisa, na akisema tisa, kile kipengele kinalifuta somo pale pale, leo, kabla mashine mpya hazijaonekana hata kwa macho. Na mgao wenyewe nani amewahi kuuona ukifika? Alitazama kalamu. Alitazama ile mashine ya tatu karibu na dirisha. Akinyamaza, Talha ataendelea kuwa mwenye kutazama mpaka siku ya mtihani, na leja itasema alikuwa na mashine.

"Mama," alisema. "Umeme haujakatika."

Kasimiri alikohoa.

"Umezimwa. Mie ndiye niliyeagiza uzimwe kila ukija."

Hakusubiri jibu. Alitoka mbio, akaukata uwanja mpaka kwenye kibanda, akamnyang'anya Mzee Alfonsi fimbo bila hata kumwomba. Mara ya kwanza ndoana ilikosa swichi, mara ya pili ikakosa, mikono ikimtetemeka kama vile vidole vya Talha. Mara ya tatu aliisukuma, swichi ikapanda, na kutoka chumba cha kompyuta zikasikika feni zikianza kuvuma. Alimrudishia mzee fimbo yake bila kumtazama usoni.

Aliporudi, Bi Marietha alikuwa anapita kati ya meza na kidole mbele, akihesabu. Tisa zilikuwa zinawaka. Kati ya zile tano za Mwishehe, tatu zilikuwa zinadai zianzwe upya. Mbili zilikuwa zinatoa mlio mdogo, tik, tik, tik, kama saa iliyokwama. Mwishehe alikuwa amezilazia sikio.

"Diski zimekwenda, madam," alisema kwa upole ambao hakuwa nao tangu asubuhi. "Za kizee hizi. Hazivumilii kuzimwa ghafla namna ile."

Kwa hiyo hila yake mwenyewe ndiyo iliyomwibia mbili. Tupokigwe alishika ukingo wa meza.

"Tisa," alisema Bi Marietha. Alivuta kiti cha mwanafunzi, akakaa, akavua miwani. Nje mashine ya kusaga ilikuwa bado inanguruma. "Mwalimu, miaka yote nakuja hapa. Ile mashine pale inasaga, nyie hamna umeme. Ulidhani mie kiziwi?"

"Hapana, mama."

"Sikuuliza kwa sababu ishirini na nne inaandikika. Nikipeleka tisa, wa kwanza kuulizwa ni mie. Wataniambia, huko nyuma ulikuwa unakagua nini, Marietha?" Sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya mtu aliyebanwa. Aliichukua kalamu akaiweka tena chini.

Kasimiri aliona upenyo. "Basi mama, kwa usalama wa sote, hiyo ya leja tuiache ilivyo, mwakani..."

"Usalama wa nani, Mwalimu Kasimiri?"

Tupokigwe alikwenda kwenye meza yake. Alifungua droo, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha ile karatasi yenye mhuri, imekunjika mikunjo minne, kingo zimeshaanza kulika.

"Mara ya kwanza nilisema ukweli, mama. Niliandika sita mbovu. Zikachukuliwa sita. Nikaachiwa hii, na wanafunzi wangu wakabaki wanatazamana. Sijawahi kupata nyingine mpaka leo. Nilikosea kuficha, sikatai. Lakini niambie wewe, ningeandikaje mbovu mara ya pili?"

Bi Marietha alivaa miwani akaisoma karatasi ile polepole. Alipofika chini macho yalisita. Alipitisha kidole gumba juu ya saini kama mtu anayetaka kuhakikisha wino umekauka.

"Saini hii ni yangu," alisema.

Bi Marietha alivuta fomu, akaandika tisa. Aliiandika kwa tarakimu, halafu kwa maneno, akikandamiza kalamu. Kisha alitoa orodha nyingine kwenye faili na kwenye mstari wa mwisho, kwa penseli, akaandika jina la shule.

"Nimeandika kwa penseli kwa sababu si mie ninayeamua. Usiende kumtangazia mtu kwamba mmepata," alisema. "Somo lenu sijalisimamisha wala sijaliruhusu. Nimeandika mashine ziko kwenye matengenezo, maana nimeyaona kwa macho. Siku ya kufungua shule nitakuja, na sitapiga simu kwanza. Nikute kumi na nne zinawaka. Nikikuta kumi na tatu, watoto wanahama somo, na usinililie." Alisimama, akakusanya makaratasi. "Na barua ya kujieleza niikute mezani Jumatatu. Leja ya serikali si daftari la kuandikia matumaini, mwalimu."

"Ndiyo, mama."

"Na mie naenda kuandika ya kwangu." Akaondoka, hakunywa hata soda.

Gari lilipotoka, Kasimiri alinyoosha mkono bila kumtazama Tupokigwe. Alikuwa anaangalia ukutani, kwenye ratiba ya vipindi ya mwaka unaokwisha. "Funguo za chumba. Mpaka barua yako ijibiwe, huwezi kuwa na dhamana ya mali hizi."

Tupokigwe angeweza kumkumbusha kwamba kila ukurasa wa leja ile una saini mbili, na ya pili ni ya Kasimiri mwenyewe. Alikuwa na hasira ya kutosha kulisema hilo kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mashine ya kusaga. Alizitoa funguo kwenye pochi, akamwekea mkononi. Miaka yote alikuwa analala nazo chini ya mto, na zilipomtoka alijiona mwepesi vibaya.

"Zitakaa getini kwa mlinzi," alisema Kasimiri. "Mie kesho nasafiri. Sitakuwepo mpaka Januari." Alisimama kidogo kama anayetaka kuongeza neno, halafu akaondoka nalo.

Walifanya kazi mpaka saa kumi, Mwishehe alipofungasha vifaa vyake. Zile tatu zilipona. Tisa na tatu, kumi na mbili. Alikuwa amepungukiwa mbili, na kila kitu kingine alichokuwa nacho kilikuwa kimeshachunwa mpaka mfupa. Mwishehe alisema angemuulizia diski kwa jamaa zake, na kwamba kesho angekuja akiitwa. Tupokigwe alimpigia mama yake akamwambia Krismasi hii waanze kula bila yeye. Mama akauliza kama anakula vizuri huko. Alijibu ndiyo, ijapokuwa tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni.

Mzee Alfonsi alikuwa anamsubiri getini. Alikuwa amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili, na Tupokigwe alipomkaribia aliona kwamba mzee yule hakuwa amekaa tangu lile gari liondoke.

"Mwalimu, nimekosea wapi? Mkuu amepita hapa kanuna. Wewe umeninyang'anya fimbo. Mie nimeliona gari la wilayani, nikazima kabla sijafungua geti. Si ulivyoniambia?"

"Hujakosea, mzee wangu," alisema. "Umefanya vile vile nilivyokufundisha." Na hapo, baada ya kuzuia siku nzima, machozi yakamtoka, akasimama analia getini mchana kweupe, watu wanapita na viroba vyao vya unga. Mzee Alfonsi aligeukia pembeni, akajifanya anakagua bawaba za geti mpaka mwalimu alipomaliza kulia.

"Mkuu kaniachia funguo," alisema mzee baadaye, bado akiangalia bawaba. "Kasema zikae kwangu. Hakusema nisikufungulie."

Tupokigwe alitazama ndani ya kibanda. Fimbo ya mkorosho ilikuwa imeegemezwa ukutani, na kwenye ndoana yake zilikuwa zinaning'inia funguo za chumba cha kompyuta.

"Kesho unakuja saa ngapi?" aliuliza Mzee Alfonsi.

"Saa moja."

"Na lile gari likija tena?"

Tupokigwe alijifuta uso kwa kiganja.

"Fungua geti tu, mzee wangu. Umeme uache uwake."